Jibu: Uzi wa kupitisha umeme kwenye vibwebwe vya ngoma, USINUNUE

Mleta mada, usitume hiyo hela. Umesema kikundi chenu kinajiandaa na tamasha la Bagamoyo, mnataka taa kwenye vibwebwe vya wacheza sindimba, na umeuliza ununue roli ngapi za ule uzi unaopitisha umeme, betri gani, rangi zipi zinaonekana kwa mbali, na taa zifuateje mdundo wa ngoma. Leo najibu la uzi na betri tu, maana nimesoma maneno ya muuzaji uliyoyanukuu nikahisi kama naongea naye mwenyewe: "Unashona kama uzi wa kawaida, waya hauhitajiki tena." Na mimi niliuziwa hivyohivyo.

Yule wa kwangu, pale Kariakoo, alinionyesha taa moja ndogo, betri ya kidonge, na mshono wa urefu wa kiganja. Ikawaka. Lazima iwake! Taa moja ya ledi inataka miliampea 20 au pungufu, uzi mfupi vile unamudu. Na mbinu yenyewe si ya kitapeli. Mmarekani Leah Buechley alibuni LilyPad, kibao cha kushonwa kwenye nguo, kikaanza kuuzwa mwaka 2007, na watu wameshona nacho vitu vizuri sana: taa chache, mishono mifupi. Ninayemlaumu ni mtu anayekuuzia uzi huohuo kwa ajili ya utepe mzima wa taa za rangi. Hakuniuliza nawasha taa ngapi. Hakuniuliza mvaaji atakuwa amekaa au anacheza. Alihesabu roli, akahesabu pesa, akaniaga kwa tabasamu.

Piga hesabu mwenyewe. Zile taa za rangi za volti 5 (andiko lake ni WS2812B) kila moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula karibu miliampea 60. Uzi wa chuma cha pua, mita moja tu, unaweza kuwa na ukinzani (jinsi unavyozuia umeme) wa omu 30 hivi. Ukiwasha taa moja mwisho wa hiyo mita, volti karibu 2 zinapotea njiani kwenda, na karibu 2 nyingine kurudi. Kati ya 5 unabaki na nini? Na hapo ni taa moja. Wewe umesema 24 kwa kila kibwebwe, yaani karibu ampea moja na nusu zikiwaka zote. Ni sawa na kumwagilia shamba kwa mrija wa juisi.

Jukwaani ilikuwa hivi. Taa za karibu na betri nyeupe, za katikati rangi ya chungwa, za mwisho nyekundu iliyofifia, halafu zinapepesa ovyo. Umeme ukipungua, bluu na kijani hufa kwanza, nyekundu inabaki, kwa sababu inahitaji volti chache zaidi. Watazamaji wakapiga makofi wakidhani ndiyo urembo wenyewe. Mimi pembeni nimeshika kichwa.

Hilo lingekuwa ndilo pekee ningenyamaza. Lakini uzi huu hauna ganda. Uko uchi. Na kibwebwe, ndugu yangu, ni khanga iliyokunjwa na kukazwa! Ukishona chanya huku na hasi kule, ukikunja zinakutana. Ongeza jasho la mchezaji, na jasho ni maji ya chumvi. Binti wa kwanza alikuwa na pawabanki, ikajizima yenyewe, akamalizia gizani. Wa pili tulimfungia betri iliyotolewa kwenye laptopu chakavu, haina kinga yoyote, nayo tuliambiwa na muuzaji yuleyule kwamba "inatosha kabisa". Uzi ulipata moto palepale nyonga zikiwa kazini. Tulipomfungua tulikuta mstari wa kahawia umeungua kwenye khanga, na malengelenge kiunoni mwa mtoto wa watu. Mama yake alikuja kuniuliza, na alikuwa na haki ya kuniuliza. Ndiyo maana naandika kwa hasira.

Kwa hiyo: uzi usibebeshwe kazi ya waya. Nunua waya laini wenye ganda la silikoni na nyuzi nyingi nyembamba ndani. Ule mgumu wa nyuzi moja utakatika kwa sindimba siku ileile. Usishone chochote kwenye khanga yenyewe. Tengeneza mkanda wa kitambaa cha marekani, shonea utepe wa taa juu yake, ufunge kiunoni, kisha kibwebwe kipite juu kwa tabaka moja la khanga nyepesi. Mwanga ukipita kwenye pamba unakuwa laini, unapendeza kuliko taa tupu. Khanga inafuliwa kama kawaida, mkanda unapanguswa. Peleka umeme kwenye utepe kutoka ncha zote mbili. Kila kiungo ulichochomea risasi kifunike kwa gundi ya moto, tena gundi ipande juu ya ganda la waya, kwa sababu waya hukatikia pale risasi inapoishia. Mwanga upunguze hadi robo. Usiku hakuna atakayelalamika, na betri itakushukuru. Betri iwe pawabanki nzima, ikae mgongoni juu ya nyonga, mahali pasipotikisika sana.

Kama bado huniamini, nenda dukani na kile kipimo cha umeme cha mafundi, mwambie muuzaji akupimie ukinzani wa mita moja ya huo uzi, halafu mita moja ya waya wa kawaida, msome namba pamoja. Akikataa, ondoka. Na kama umeshalipa, hizo roli wape wapiga ngoma: kila kofia taa moja, betri ya kidonge ya volti 3, mshono usizidi kiganja.