Mbuzi Aliyekosa Tiketi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Kondoa kaniandikia: “Kaka, watoto wangu wa kidato cha kwanza nikiwauliza kitu kwa Kiingereza wanainamia madaftari kama wanatafuta shilingi iliyodondoka. Wewe wa kwako unawaongeleshaje?”

Dada, hali hiyo mimi nimeishi nayo miaka sita. Niliingia darasani na chaki, fimbo (siku hizi naona aibu hata kuitaja) na jedwali la nyakati za vitenzi. Watoto walilikariri lote. Ukimuuliza mmoja jana alikula nini, kimya. Na wala si ujinga. Mtoto wa Mvumi nyumbani anaongea Kigogo, shule ya msingi kasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari anapewa baiolojia kwa Kiingereza na kuambiwa asiogope.

Kilichonitoa huko ni habari za Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania huko California. Alikuwa akifundisha kwa amri, wanafunzi wake wakachoka kuamrishwa simama, kaa, gusa mlango, akaanza kutunga nao hadithi. Nyuma yake yupo Stephen Krashen, mtaalamu wa lugha wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1980 anashikilia kwamba lugha inaingia kwa kusikia na kusoma unachokielewa, si kwa kukariri kanuni. Wapo wataalamu wanaombishia. Wabishane. Mimi nilikuwa na watoto arobaini waliokaa kimya.

Basi nikajaribu. Ubaoni maneno matatu tu: anataka, anaenda, hana. Kiingereza chake huku, Kiswahili chake pembeni. Sifichi maana, mtoto akianza kubahatisha nimeshampoteza. Kisha namgeukia mmoja: unataka nini? Siku ile kijana akajibu kwa Kiswahili kwamba anamtaka mbuzi wake, baba kamuuza mnada wa Msalato.

Nikafunga andalio la somo. Anataka mbuzi? Ndiyo. Anataka mbuzi au ng'ombe? Mbuzi. Mwalimu anataka mbuzi? Hapana! Nani anataka mbuzi? Yote kwa Kiingereza, polepole, kidole ubaoni, neno moja kurudiwa mara ishirini bila mtu kuchoka, kwa sababu mbuzi ana mwenyewe na mwenyewe amekaa dawati la tatu. Treni ya umeme ndiyo ilikuwa imeanza kufika Dodoma, mwaka 2024, watoto hawana stori nyingine. Kwa hiyo mbuzi wetu katoroka mnadani, kaenda stesheni kukata tiketi ya Dar. Mmoja akawa mkata tiketi, mwingine akawa mbuzi na kutambaa akatambaa. Binti ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake akasimama, akasema kwa Kiingereza: “Hana pesa, ni mbuzi!”

Darasa lilicheka mpaka vumbi likatimka. Mkuu wa shule alikuwa dirishani.

“Mwalimu, hapa hatukukuajiri kuigiza.” Desemba mkataba wangu haukuongezwa. Jina la shule silitaji. Ila nikipita pale na bodaboda naangalia upande wa pili, na sijui nitaacha lini.

Sasa nafundisha barazani kwangu Nkuhungu, zaidi watoto waliomaliza darasa la saba wanaosubiri Januari. Miezi ya mwanzo tuiache, tulikula mlenda.

Ushauri wangu, dada: punguza kasi. Unadhani unaongea polepole. Jirekodi kwenye simu usikilize, utashangaa. Muulize mtoto mambo yake, si ya kitabu. Kwenye kitabu mtu yuko sokoni London, nani anamjua? Mtazame yule wa mwisho darasani, macho yake yakipotea rudi nyuma, hata kama wale wa mbele wanapiga miayo. Hadithi ikiisha waandikie, waisome. Na punguza kasi. Najua una watoto themanini na mitihani inakuja. Maigizo utayapunguza, maswali huwezi kuyapunguza.

Walimu wenzangu, tusidanganyane. Wengi wetu tunapenda sarufi kwa sababu inatufanya tuonekane wasomi. Mtoto akikosea tunamkatiza katikati ya sentensi, tena mbele ya wenzake, halafu tunalalamika ofisini kwamba kizazi hiki hakitaki kuongea. Nani ataongea na hakimu? Mimi mwenyewe nilikuwa hakimu, na wapo watoto wa miaka ile sita ningependa kuwaomba radhi kwa lugha yoyote.

Jumamosi kaja mama mmoja na binti yake. Nikamtambua: tulifundisha wote shule ile ile, na siku ya mbuzi alikuwa darasa la jirani, ukuta mmoja. Tukasalimiana, tukaulizana nyumbani, akaweka mkoba chini.

“Mwalimu, nimemleta huyu kwa ile ya mbuzi.”

Nikamtoza ada kamili.