Lami inaishia kwenye mwembe

SWALI: Asalaam aleikum, Mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza chapati hapa Nansana. Dada yangu anakaa Rubaga, ndani ya jiji, lami inafika hadi mlangoni kwake. Kwetu mvua ikinyesha natia viatu vya watoto kwenye kavera, mfuko wa plastiki, wanatembea pekupeku hadi barabara kuu ya Hoima. Hapo ndipo nawaosha miguu kwa maji ya chupa, wavae viatu, waende shule. Kwani sisi si watu wa Kampala?
Mama Watatu, Nansana

JIBU: Aleikum salaam, mama. Hiyo chupa ya maji imenikaa moyoni tangu nilipoisoma.

Nimesimamia kazi za barabara miaka 26. Siku moja tulikuwa tunamwaga lami, tukaambiwa tuishie kwenye mwembe, kwa sababu ng'ambo ya mwembe ni Wakiso, wilaya inayoizunguka Kampala. Lami ya moto ilikuwa bado ipo kwenye lori. Mzee mmoja akatoka na kiti chake, akakaa upande wa vumbi akitutazama tunavyopakia mitambo. Hakusema neno. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Mchana wewe ni mtu wa Kampala, usiku unalala Wakiso, na fedha za barabara zinafuata mpaka wa utawala. Benki ya Dunia ilipotoa mkopo wa miundombinu ya jiji, awamu ya pili ilianza 2014, ulikuwa wa Kampala peke yake. Miji mingine nayo ilikuwa na mradi wake kuanzia 2013: manispaa 14, zikiwemo Jinja, Mbarara, Gulu na hata Entebbe. Nansana mwaka ule haikuwa hata manispaa. Mradi ulipopanuliwa baadaye, haikuingizwa pia. Mmekuwa karibu mno na jiji kuhesabiwa mji wa mikoani, na nje mno kuhesabiwa jiji. Wakati huo huo watu walikuwa wakihamia kwenu kila siku. Sensa ya 2024 ilikuta Wakiso ina watu zaidi ya milioni 3, na Kampala haikufika milioni 2.

Mpaka huo haukuzuia takataka, lakini. Za Kampala zilivuka kwenda jaa la Kiteezi, huko huko Wakiso, tangu miaka ya 1990, hadi lile jaa lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Hili siwezi kuliandika kwa utulivu.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mwingine, wa Kampala pamoja na Wakiso, Mukono na Mpigi. Nansana imo. Lakini barabara yenu haitachaguliwa kwa kuwa ni mbaya, maana mbaya ni nyingi. Kwanza ulizeni ofisi ya injinia wa manispaa kama imo kwenye orodha ya barabara zao. Isipokuwa na jina humo, hakuna anayeweza kuiombea fedha.

Kisha pimeni wenyewe. Urefu kwa hatua, nyumba ngapi, watoto wangapi wanapita asubuhi, na maji yanatoka wapi. Hilo la maji ndilo kubwa. Msikubali lami bila mtaro na kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Nimeona lami nzuri ikibomoka ndani ya misimu miwili ya mvua kwa sababu kalavati lilikuwa jembamba, maji yakapanda juu ya barabara na kuchimba kingo, kipande kwa kipande, kama mtu anayemega mkate. Na wenye kuta zilizoingia barabarani, zungumzeni nao mapema. Greda likishafika mazungumzo huwa magumu.

Barua ipitie kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nakala kwa diwani wenu. Ipelekeni kabla ya mikutano ya bajeti ya Oktoba na Novemba, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na Bunge hupitisha bajeti kabla ya Mei kwisha. Mkinyamaziwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inawapa haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Andikeni na habari ya viatu kwenye kavera. Nakala moja ibaki kwako, yenye muhuri wa mapokezi na tarehe.