Maji yanadondoka kwenye shafti, tuipandishe boti yadi au tuendelee?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tuko Uingereza, tunasafiri na boti nyembamba kwenye mfereji wa Grand Union, tumetoka Braunston tunaelekea Birmingham. Maji yanadondoka pale tezini shafti ya propela inapopita, mwanzo kidogo kidogo, sasa hata injini ikizimwa yanaendelea na pampu ya ngama inajiwasha usiku. Mume wangu kashakaza nati, inatulia, asubuhi ni yale yale. Tumeegesha yadi moja karibu na Warwick, fundi anasema boti itolewe majini. Mume wangu anaona ni kutaka hela tu, bora tupande loki za Hatton, yale mabwawa yenye milango ya kupandishia boti, tukatengeneze mbele. Tufanyeje?

Msomaji, Uingereza

JIBU: Poleni sana dada, na tafadhali msiondoke hapo. Hatton ni loki 21 zimefuatana, na kila loki ni gia ya mbele, gia ya nyuma, mbele tena, shafti inateseka kuliko mkiwa mnatambaa mfereji mtupu kwa ile maili 4 kwa saa inayoruhusiwa. Na hiyo pampu inakula betri, betri ikizima usiku mmelala nani atafua maji? Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, basi ndo hivyo.

Iko hivi. Ndani ya glandi, yaani kile kizibo shafti inapopita kutoka nje, kuna pete za kamba yenye grisi ziitwazo pakini, zile nati zinazibana zikumbatie shafti. Matone machache boti ikitembea ni kawaida kwa glandi za aina hii, na jioni ukizungusha kile kikombe cha grisi mpaka mkono uhisi kimekuwa kigumu yanakoma. Yasipokoma na nati zimeshakazwa, basi pakini imekwisha. Mwambie shemeji aache kukaza, kwa heshima zote, maana ikibanwa kupita kiasi shafti inapata moto na kuchimbika, na ikishachimbika hata pakini mpya haidumu.

Ila shemeji ana hoja moja. Kubadilisha pakini peke yake fundi mzoefu anaweza kukufanyia boti ikiwa majini, kwa hiyo muulizeni kwa nini anataka kuitoa na awaonyeshe sababu kwa macho. Zimeni injini, ufunguo uwe mfukoni, afungue kile kifuniko cha kutolea magugu juu ya propela, ashike propela aitikise. Ikicheza juu chini, beringi ya kule nje imelika na hapo hana jinsi, lazima gudi, lile bwawa linalokaushwa maji, au krini. Isipocheza muulizeni maunti, vile vishikizo vya injini, zikilegea shafti inakaa upande inakula pakini. Mkiwa hapo angalieni kama kuna mshipi wa samaki au plastiki imejisokota, halafu kifuniko kirudishwe kikazwe kabisa, kuna boti zimezama kwa hicho tu.

Boti ikitoka majini gharama kubwa ni kule kuitoa na kuirudisha, kwa hiyo malizeni kila kilicho chini ya mstari wa maji. Lami ya kukinga chuma na kutu huwa inapakwa upya kila baada ya miaka 2 au 3, anodi, vile vipande vya madini vinavyolika badala ya chuma cha boti, ziangaliwe, na unene wa chuma upimwe, bima nyingi zinataka angalau milimita 4. Mambo ya ndani na rangi ya juu mkatae, hayo hayahitaji gudi. Bei na siku viandikwe kwenye karatasi, na ulizeni kama mtaruhusiwa kulala humo boti ikiwa nchi kavu, yadi nyingine haziruhusu.

Kama mnasubiri nafasi mmeegesha ukingoni nje ya yadi, kawaida mwisho ni siku 14, wajulisheni Canal & River Trust, wasimamizi wa mfereji, mapema kwamba mmeharibikiwa wawaongezee muda.

Ikirudishwa majini, kabla mikanda ya krini haijaachiwa au gudi halijafunguliwa kabisa, mmoja wenu ashuke na tochi aangalie glandi. Halafu endesheni kidogo jirani na yadi, zimeni injini, gusa glandi kwa mkono. Vuguvugu ni sawa, ikiunguza mrudishieni fundi alegeze nati siku hiyo hiyo.