Shotistopu Akistaafu Huenda Wapi? Barua zenu kuhusu besiboli

Barua za safari hii zote ni za besiboli, nyingi zikiuliza juu ya wale wanne wanaolinda uwanja wa ndani: besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na shotistopu anayesimama kati ya ya pili na ya tatu. Besi ni vile vituo anavyokanyaga mkimbiaji akizunguka mpaka arudi ya nyumbani, alikosimama mpigaji. Tumezifupisha.

Kijiweni kwetu nasema shotistopu ni kama kiungo mkabaji, wenzangu wanasema ni beki tu. Nani mkweli? Na mbona watu wa nafasi hiyo wanaishia kuwa makocha?
*Kijana wa Mikindani*

Wewe uko karibu zaidi, ingawa hata kiungo mkabaji ana muda wa kuinua kichwa. Kutoka besi ya nyumbani hadi ya kwanza ni mita 27.43. Mpigaji wa mkono wa kulia wa ligi kuu ya Marekani huzikimbia kwa sekunde 4.3 hivi. Mpira wa chini wa kawaida humfikia shotistopu baada ya sekunde 1.7, kuudaka na kuuhamishia mkono wa kurushia ni sekunde moja, na mrusho wa mita 36 au zaidi hula sekunde 1.3. Jumlisha. Zinabaki sehemu tatu za kumi za sekunde, na ukiupapasa mpira ndani ya glovu mara ya pili hizo nazo zimekwenda.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa kabla mpira haujapigwa: auti ngapi zimepatikana (yaani wapinzani wangapi wameshatolewa; zikifika tatu, zamu yao ya kupiga imekwisha), nani yuko besi ipi, ana mbio kiasi gani, mrushaji wetu anataka kuupeleka upande gani. Mtazame shotistopu mkimbiaji akiwa besi ya kwanza. Hufunika uso kwa glovu, kisha humwonyesha mwenzake wa besi ya pili mdomo. Mdomo uliofumbwa maana yake "besi ya pili naifunika mimi", uliofunguliwa ni "ifunike wewe". Huweza kubadilisha hilo kila mrusho, na mpinzani haoni kitu. Mtu aliyefanya hivyo miaka kumi ameshakuwa nusu kocha akiwa bado na jezi ya mchezaji. Wadakaji, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji, nao wamo kwenye kundi hilo, tusiwanyime haki yao.

Nafundisha michezo sekondari. Uwanja wetu ni udongo mwekundu, mgumu, wenye kokoto. Mpira ukidunda unapanda usoni, na watoto wameanza kugeuza vichwa. Nianzie wapi?
*Mwalimu, Nachingwea*

Anza na ardhi, mwalimu. Okoteni kokoto sehemu ile tu wanayosimama walinzi, si uwanja mzima. Jioni ya kuamkia mazoezi mwagieni maji, asubuhi mburute chaga kuukuu la chuma lenye jiwe juu yake ili tabaka la juu lilegee kidogo. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu. Kwenye ardhi iliyokauka unaruka kama umekanyaga jiwe, kwenye mchanga wa pwani unakufa. Wiki mbili za kwanza tumieni mpira wa tenisi. Mtoto anayeogopa hajifunzi miguu, anajifunza kukimbia.

Glovu ziwekeni kando kwanza. Chukua soli ya ndala iliyochakaa, ishone mkanda wa mpira mgongoni, mtoto aivae kiganjani. Soli haifumbiki, kwa hiyo mpira hautakaa mpaka mkono wa pili uje juu yake, na hilo ndilo unalolitafuta. Mpigishe magoti, simama mita tatu mbele yake, mviringishie mipira kwa mkono: kumi, apumzike, kumi tena, mara tatu. Mazoezi ya magoti ya namna hii ndiyo yaliyomjengea jina Ron Washington. Alicheza uwanja wa ndani ligi kuu kati ya 1977 na 1989, akafundisha kwenye timu za chini, akawa kocha kwenye timu ya Oakland kuanzia 1996, kisha akaiongoza ile ya Texas hadi fainali kuu ya 2010 na 2011. Eric Chavez, mlinzi wa besi ya tatu aliyefundishwa naye Oakland, alimkabidhi tuzo yake mwenyewe ya Glovu ya Dhahabu, ile wanayopewa walinzi bora. Kocha hapati zawadi kubwa kuliko hiyo.

Sasa hilo la mpira kupanda usoni. Midundo iko mitatu. Mfupi ni ule unaoudaka mara tu unapotoka ardhini, haujapata muda wa kupotoka. Mrefu unaudaka ukiwa umeshafika juu na unashuka, unauona vizuri. Wa katikati, unaopanda kuelekea kifuani, ndio unaovunja meno. Aliyesimama kwa visigino akingoja huletewa ule wa katikati karibu kila mara, kwa sababu mpira ndio umemchagulia. Dawa ni miguu: hatua moja mbele kuufanya mfupi, au moja nyuma kuufanya mrefu. Waambie mrushaji anapoachia mpira kila mmoja aruke kidogo mno na kutua kwa vidole, ndipo mguu uwe tayari kwenda upande wowote.

Glovu ianzie chini, vidole vikigusa udongo. Mkono unapanda kwa wepesi kuliko unavyoshuka. Mipira mingi inayopita katikati ya miguu ilimkuta mlinzi ameweka glovu magotini. Mguu wa kulia, wa kushoto, daka. Wa kulia, wa kushoto, rusha. Wahesabu kwa sauti. Na kidevu kikae chini, macho yafuate mpira mpaka ndani ya glovu. Anayegeuza uso hapunguzi maumivu, anapoteza tu nafasi ya kuukwepa.

Wakizoea, piga kwa gongo. Makocha hutumia gongo jembamba na jepesi linaloitwa fungo, urefu kati ya sentimita 86 na 94, uzito wa gramu 500 hadi 650, wakati la mchezo hukaribia gramu 900. Fundi seremala atakukerezea la mti mwepesi usio na fundo. Mipira 25 hadi 30 kwa mchezaji inatosha kwa siku. Ukiona glovu zimeanza kushuka kutoka juu, miguu imechoka, funga mazoezi hata kama jua bado liko juu.

Kijana wangu ana miaka 15, anasema atacheza besiboli Marekani. Huko mtu anaishije, na akimaliza kucheza anakula nini?
*Mama, Masasi*

Mama, tukupe hesabu kwanza. Timu za ligi kuu ni 30, na kila moja ina timu nne za chini zinazocheza msimu mzima, kwa ngazi: A, A ya juu, AA na AAA, mbali na zile za wanaoanza. Kwa mkataba wa 2023, mwaka huo anayeanza alilipwa dola 19,800, wa AAA dola 35,800. Aliyefika ligi kuu alilipwa si chini ya dola 760,000 kwa msimu wa 2025. Shimo lililo kati ya 35,800 na 760,000 ndilo linalomeza wengi. Kuna wanaozunguka ngazi za chini miaka minane au kumi, wakaishia kuitwa juu kwa wiki tatu.

Wiki hizo lakini zina uzito. Siku 43 kwenye orodha ya ligi kuu humpa mchezaji haki ya pensheni, na miaka kumi humpa pensheni kamili. Ndiyo maana utamwona mlinzi wa miaka 32, goti limechoka, anakubali kuhama kutoka shotistopu kwenda besi ya pili, kisha kuwa kiraka wa nafasi zote nne. Anatafuta siku.

Akimaliza, mlango wa ukocha hufunguka chini kabisa: hao hao vijana wa dola 19,800, kwenye mabasi yale yale. Anaweza kupewa kufundisha ulinzi, au kusimama pembeni ya besi. Wanaodumu ndio hupandishwa kuwa makocha wakuu wa timu za chini.

Na ili asikatishwe tamaa: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, shotistopu na besi ya pili, alisaini na timu ya Pittsburgh mwaka 2008 na kufika ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza humo. Mara yake ya kwanza kupiga humo alifika besi. Hesabu miaka iliyo katikati, kisha mwambie kijana amalize kidato cha nne. Hapa nchini mashindano ya shule hufanyika Dar es Salaam. Mwalimu wake ndiye wa kuanza kuulizana na chama cha mchezo.

Kwa nini kocha anayesimama pembeni ya besi anavaa kofia ngumu, naye hapigi?
*Msomaji, Ruangwa*

Kwa sababu ya Mike Coolbaugh. Alikuwa mlinzi wa besi ya tatu aliyegeuka kocha, na Julai 2007, akiwa kocha wa besi ya kwanza katika mchezo wa ligi ya chini, alipigwa shingoni na mpira uliotoka moja kwa moja kwenye gongo akafariki. Msimu wa 2008 kofia ikawa lazima.

Nimerudi Mtwara baada ya kucheza Dar, sasa nafundisha vijana na nasimama besi ya tatu kuwaelekeza wakimbiaji. Nawatuma besi ya nyumbani wanakamatwa, nikiwazuia wananuna. Nipeni kanuni.
*Kocha, Chikongola*

Kosa la kwanza la mchezaji aliyegeuka kocha ni kuutazama mpira. Wewe tazama mtu anayeufuata. Anakimbia kwenda mbele au ameupa mgongo? Ataudaka upande wa mkono wake wa kurushia? Kama ameshaushika kabla mkimbiaji wako hajakanyaga besi ya tatu, mzuie.

Halafu auti. Kukiwa hakuna auti, mtume ukiwa na hakika tu, maana nyuma yake kuna wapigaji watatu wa kumleta. Zikiwa mbili hesabu inageuka: hata ligi kuu mpigaji hupiga mpira wa kumfikisha besi takriban mara moja kati ya nne, basi ukiona mkimbiaji ana nafasi hata moja kati ya tatu, mtume. Akikamatwa hukukosea, na wanaonuna waeleze hivyo kabla ya mchezo, si baada.

Usisimame palepale. Shuka kando ya mstari kuelekea nyumbani, mkimbiaji akuone akiwa amekwisha kupinda. Unajipa hatua tano sita za kufikiri. Kuhusu ishara za mikono, chagua moja iwe ufunguo, tuseme kugusa mkanda. Usipoigusa, kofia, sikio na kifua vyote ni porojo. Na mambo matatu yanatosha kwa vijana: iba besi (kimbilia inayofuata kabla mpira haujapigwa), gusa mpira kwa upole, subiri.

Glovu yangu ya ngozi inaota ukungu.
*Lindi mjini*

Unaifungia begini ikiwa na jasho, na hewa ya pwani inamalizia. Ifute kwa kitambaa kikavu, ianike kivulini penye upepo. Juani ngozi hukakamaa na kupasuka. Ukungu uliokwisha kuota usugue kwa brashi ya mswaki, ikikauka paka mafuta ya ngozi kiasi cha ncha ya kidole, maana yakizidi glovu inakuwa nzito na kulegea. Usiku weka mpira ndani yake, ifunge kwa tyubu ya baiskeli, iache juu ya kabati, si chini ya kitanda. Kamba ikikatika, ya kiatu itakushikia wiki mbili tatu huku ukimtafuta fundi viatu mwenye ugwe wa ngozi.