Nimeambiwa nisipotia saini dhidi ya wapangaji wangu ni dayuthi

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina nyumba ya vyumba sita vya kupangisha huku Kisauni, Mombasa. Chumba cha mwisho wanakaa vijana wawili wa kiume, huu mwaka wa pili, na kodi hawanicheleweshei. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alichungulia dirishani kwao akaenda kusema kuna kitanda kimoja tu. Tangu siku hiyo mtaa mzima unasema ni mashoga. Sasa inazungushwa karatasi ya saini ili majina yao yapelekwe polisi na yasomwe msikitini baada ya Ijumaa. Nimeambiwa nisipotia saini mimi ni dayuthi na kodi ninayokula ni haramu. Ndugu yangu aliyeko Kampala ananiambia kwao sheria inamlazimisha mwenye nyumba kuripoti. Dini inasemaje? Na hizi sheria za kuwazuia watu hawa kujitangaza hadharani, tuziunge mkono?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, nianze na hicho kitanda, maana kesi yote imelala juu yake. Nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa tukilala wanne kwenye mkeka mmoja, na anayechelewa kurudi kutoka darasa la usiku hupata ubavu wa mlangoni penye mbu. Nenda leo Kisauni, Mshomoroni, Likoni, uhesabu vijana wa vibarua wanaochanga kodi ya chumba kimoja na godoro moja. Kitanda hakijawahi kuwa shahidi mbele ya kadhi yeyote ninayemjua.

Shahidi wenyewe ni nani? Ni mtoto aliyechungulia. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mtu akichungulia nyumba ya watu bila idhini, mwenye nyumba akamrushia kijiwe kikampasua jicho, hana lawama. Sikwambii umrushie mtoto wa jirani mawe. Nakwambia uone Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyolipima kosa la kuchungulia, kisha ujiulize ilikuwaje katika mtaa mzima wa Waislamu asipatikane mtu mmoja wa kumkanya huyo mtoto, na maneno yake yakageuzwa karatasi ya saini.

Hukumu ya kitendo chenyewe sitaipaka sukari. Mwanamume kumwendea mwanamume ni haramu kwa ijmaa, yaani makubaliano, ya wanazuoni, na kisa cha watu wa Nabii Lut kimo katika Sura ya Al-Aaraf na nyinginezo. Maulamaa wametofautiana katika adhabu. Imamu Shafii, ambaye sisi wa pwani tunamfuata, kauli yake mashuhuri inaiweka pamoja na zinaa. Abu Hanifa ameona haina hadi, yaani adhabu iliyopangwa na sheria, ni juu ya kadhi kutia adabu kwa anavyoona. Lakini wanazuoni hao hao walioweka adhabu nzito waliweka na mlango mzito mbele yake. Katika madhehebu yetu wanatakiwa mashahidi wanne waadilifu walioona kitendo kwa macho yao, sio walioona pazia lililofungwa mchana. Na mwenye kumtupia mtu tuhuma ya namna hii asilete mashahidi wanne, katika madhehebu yetu anayepigwa viboko themanini ni yeye. Aya ya 4 ya Suratun-Nur imeshuka juu ya wanaowasingizia wanawake zinaa, na wanazuoni wakawatia wanaume ndani yake. Kwa hiyo kabla hujaishika kalamu, hesabu saini zilizomo kwenye hiyo karatasi, kisha zidisha kwa themanini.

Na tuseme kwa kukadiria kwamba ni kweli. Bado hukuamrishwa kufukua. "Wala msipelelezane" imo katika aya ya 12 ya Suratul-Hujurat, na haikuwatoa watu wenye dhambi fulani. Sahaba Hazzal alipomshauri mwenzake Maiz aende kwa Mtume akakiri zinaa yake, Mtume alimwambia Hazzal kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa kheri kwake. Huyo Maiz zinaa aliifanya kweli. Na sahaba Ibn Masud aliletewa mtu, akaambiwa ndevu zake zinadondoka pombe. Alijibu kwamba wao wamekatazwa kupeleleza, ila jambo likiwadhihirikia watalichukua.

Jibu hilo la Ibn Masud ndilo linalotupeleka kwenye swali lako la pili, maana limegawa mambo mafungu mawili: lililo nyuma ya mlango na lililodhihiri. Mtume amesema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha na maasi. Kwa hiyo mimi, kama Mwislamu, siungi mkono maandamano ya kusherehekea jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameliharamisha, na nimelisema hilo mimbarini bila kung'ata maneno. Nalisema pia kwa mwanamume na mwanamke wanaoshikana ufukweni Mama Ngina jua likizama, ingawa kwa hao sijaona mtu akizungusha karatasi.

Ila sheria si khutba. Khutba huisha ukarudi nyumbani. Sheria huja na pingu. Uganda walipitisha sheria yao mwaka 2023. Kitendo chenyewe ni kifungo cha maisha, baadhi ya sura zake ni kunyongwa, na kile walichokiita kukuza ushoga kinafika miaka 20 jela. Neno "kukuza" ni pana kama kanzu ya kuazima. Daktari anayeeleza kinga ya ukimwi anakuza? Wakili anayemtetea mshtakiwa? Mimi hapa ninayekuandikia kwamba usiwatoe majina vijana wawili, mwendesha mashtaka akiamka vibaya, nimekuza au sikukuza? Sheria ambayo mtu hajui mpaka wake inatumika kwa fitina, na sisi Waislamu wa Kenya tumeonja sheria za ugaidi, tunajua mtu anavyochukuliwa kwa kanzu na ndevu. Mtu aliyeungua kwa uji hapigi makofi jirani yake akimwagiwa.

Mwambie na ndugu yako wa Kampala kwamba habari yake imepitwa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha sehemu kubwa ya sheria ile isimame, lakini ilivifuta vifungu kadhaa, na miongoni mwake ni kile cha kumlazimisha raia kuripoti na kile cha kumfunga mwenye nyumba. Nilipozisoma habari hizo nilijiambia, na nafsi yangu haikufurahi: majaji wamefika kwa katiba mahali ambapo sisi tulitakiwa tufike zamani kwa Suratul-Hujurat.

Hapa kwetu nako tuseme ukweli. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kulikatalia usajili shirika la kutetea watu hawa ni ubaguzi, na Septemba mwaka huo ikakataa kuurejea uamuzi. Mitaani ikasemwa mahakama imehalalisha ushoga. Haikuhalalisha. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kipo pale pale, miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kuupinga uamuzi huo ni haki yako. Kuusimulia usivyo ni uongo, hata ukiusimulia ukiwa na udhu. Aya ya 8 ya Suratul-Maida inatukataza chuki ya watu isituondoe kwenye uadilifu.

Na majina kusomwa msikitini, tumesahau Mtwapa? Februari 2010 ulivuma uvumi wa harusi ya wanaume wawili, viongozi wa dini, wetu na wa Kikristo, wakapaza sauti, umati ukavamia kituo cha afya cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na watu wakapigwa barabarani. Harusi yenyewe haikuonekana. Kutoa adhabu ni kazi ya mamlaka baada ya ushahidi; mtaa haukupewa. Siku umati utakapoingia uani kwako, ile damu itakuwa imeanzia kwenye karatasi yenye saini yako, na mlango watakaouvunja ni wako.

Kuhusu dayuthi, aliyekuita hivyo amelitoa neno mahali pake. Dayuthi ni mtu asiye na wivu juu ya uchafu katika ahli zake, mkewe na binti zake. Mpangaji si ahli yako. Kodi nayo ni halali. Mafaqihi wa zamani walishaandika juu ya Mwislamu aliyempangisha asiye Mwislamu nyumba ya kukaa, kisha yule akanywa pombe ndani, kwamba dhambi ni ya mnywaji. Ungeikodisha kwa makusudi ya danguro, hapo tungezungumza mengine.

Ukitaka chumba chako kwa sababu zako, toa notisi ya kawaida kama unavyompa mpangaji yeyote, siku zake zitimie, na vyombo vyao usivitupe nje. Ukiwaacha wakae, hakuna fatwa inayokulaumu. Wakikuomba nasaha, keti nao kwa faragha kama ungemnasihi mwanao.

Karatasi irudishe kwa aliyeileta bila saini, na umuombe asiisome msikitini mpaka imamu awe ameiona. Kama imamu ni miongoni mwa waliosaini, nipigie mimi, nitakuja Alhamisi kabla ya Ijumaa yenyewe. Na dirisha la wale vijana litie nondo na wavu. Hilo ni jukumu la mwenye nyumba, nalo umelichelewesha.

Wallahu aalam.