Kwa nini asiyedaiwa hunyimwa nyumba Marekani

Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi mjini Kisumu na anasubiri viza ya kuja kufanya kazi Marekani, ameniuliza swali ambalo ndugu zetu wa Kakamega na Bungoma pia wameniuliza kwa namna yao: inakuwaje mtu mwenye kazi na mshahara wa dola, asiyedaiwa na yeyote, anyimwe nyumba ya kupanga, au auziwe gari kwa riba ya kutisha? Kwa heshima hakusema zaidi, lakini nilisikia nyuma ya swali lake shaka kwamba sisi tulio huku tunabuni visingizio vya kutotuma fedha. Nitamjibu waziwazi hapa, kana kwamba amekaa mbele yangu, kwa sababu jambo hili litamkuta mapema sana baada ya kufika.

Marekani kuna ofisi tatu kubwa zinazohifadhi kumbukumbu za mikopo ya watu, nazo ni Equifax, Experian na TransUnion. Hiyo ya tatu unaijua, maana pamoja na Metropol na Creditinfo imepewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, na ndizo tunazoziita CRB, yaani ofisi za kumbukumbu za mikopo za Kenya. Usidhani, hata hivyo, kwamba kwa kuwa jina ni moja basi faili lako litavuka bahari pamoja nawe. Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, uliyolipa bila kuchelewa na mkopo wa sacco uliomaliza mapema ni mambo ambayo mkopeshaji wa kawaida wa huku hatayaona. Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Kwetu watu huikumbuka CRB pale mtu anaposhindwa kulipa, kwa hiyo asiyeorodheshwa hujiona salama. Huku mtu asiye na kumbukumbu yoyote hutazamwa karibu sawa na mwenye kumbukumbu mbaya.

Ukitaka nyumba Migosi, huko Kisumu, unazungumza na msimamizi wa ploti, unalipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, na unahamia. Hapa Dallas ninapoishi, wakala huingiza nambari yako ya Hifadhi ya Jamii, ambayo huku hutumika kama nambari ya utambulisho, kwenye kompyuta, na jibu linalotoka ndilo linaloamua kama utapewa nyumba, utadaiwa amana kubwa zaidi, au utaambiwa ulete mdhamini. Ndiyo maana wengi wetu huanza kwa kukodi chumba katika nyumba ya Mkenya mwenzetu, na wala si aibu.

Kumbukumbu hizo hugeuzwa kuwa alama, na zinazotumika sana ni zile za FICO, kampuni inayotengeneza hesabu ya alama hizo, ambazo huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 hutokana na kulipa kwa wakati, asilimia 30 na kiasi unachodaiwa ukilinganisha na kikomo ulichopewa, asilimia 15 na umri wa akaunti zako, na sehemu iliyobaki hugawanywa sawa kati ya maombi mapya ya mikopo na aina za mikopo ulizonazo. Tazama kisichokuwemo: mshahara haumo, akiba haimo, na nchi uliyotoka haimo. Daktari aliyefika mwezi uliopita hana alama hata moja, wakati mfagiaji aliyelipa kadi yake kwa miaka mitano anaweza kuwa na 780. Mimi naona mfumo huu haupimi uaminifu wa mtu, unapima tu mazoea yake ya kukopa na kulipa, lakini maoni yangu hayatakupatia nyumba, kwa hiyo tuendelee.

Njia ya kuanzia iliyo rahisi ni kadi ya mkopo yenye amana. Unaipa benki, tuseme, dola 200, nayo inakupa kadi yenye kikomo cha dola 200. Ukikosa kulipa, inachukua amana yako. Tumia kadi hiyo kwa kitu ambacho ungekinunua hata hivyo, kama vile mafuta ya gari au unga, kisha ulipe deni lote. Utawasikia watu, hata waliokaa huku miaka mingi, wakikushauri uache salio kidogo lipate riba ili alama zipande. Si kweli. Riba hiyo haiongezi alama hata moja, na inaitajirisha benki tu.

Jambo linalowachanganya wengi ni tarehe. Kila mwezi kuna siku ambayo benki hufunga hesabu na kukutumia taarifa, na baada yake unapewa angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote ndani ya muda huo hutozwi riba. Lakini kiasi ambacho kwa kawaida hupelekwa kwenye zile ofisi tatu ni kile kilichokuwapo siku ya kufunga hesabu, kwa hiyo mtu aliyetumia dola 180 kati ya 200 ataonekana amemaliza asilimia 90 ya kikomo chake, hata kama analipa zote wiki inayofuata. Kwa kadi ndogo kama hiyo, jitahidi salio lisizidi dola 60 hesabu inapofungwa, na likiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Kama umetumia zaidi, lipa mapema kabla ya siku hiyo.

Kodi ya nyumba, kwa kawaida, haihesabiwi katika alama hizo. Kadi ya kawaida ya benki, ile inayotumia fedha zako mwenyewe zilizo kwenye akaunti, haihesabiwi, na fedha unazotuma nyumbani hazihesabiwi kabisa, hata ziwe nyingi kiasi gani.

Sasa nizungumzie lile ambalo nyumbani hampendi kulisikia. Malipo yaliyochelewa kwa siku 30 yanaweza kuandikwa kwenye faili na kukaa humo miaka 7. Kwa hiyo mchango wa matanga ukinifikia wiki ambayo kadi inadai, nitalipa kadi kwanza, kisha nitume kilichobaki. Tena usitoe fedha taslimu kwenye kadi ya mkopo ili utume nyumbani: unatozwa ada, na riba huanza siku ileile bila zile siku 21 za neema. Ukilipia huduma ya kutuma fedha kwa kadi hiyo, mara nyingi benki huhesabu kwamba umetoa taslimu.

Watakuja pia Wakenya wenzetu, wengine watu wa kanisani, wakuombe uwadhamini kwenye mkopo wa gari. Ukitia sahihi, deni ni lako kamili, na kila mwezi anaochelewa yeye huandikwa kwako. Ndugu mwangalifu anaweza kukuongeza wewe kwenye kadi yake ili historia yake ikusaidie, hata bila kukupa kadi mkononi, na hilo ni tofauti kabisa. Wako na wanaouza nambari mpya za utambulisho wakidai zitasafisha faili. Huo ni ulaghai wa jinai, na kwa mtu mwenye viza hasara yake haiishii kwenye mikopo.

Kuhusu gari, epuka wauzaji wanaokopesha wenyewe watu wasio na rekodi kwa riba inayozidi asilimia 20, kwani baadhi yao hata hawapeleki taarifa za malipo yako popote. Nunua kuukuu kwa taslimu, au subiri kisha uulize kwenye chama cha akiba na mikopo, ambacho huku hufanya kazi karibu kama sacco zetu.

Andika majina yako kwa mpangilio uleule katika kila fomu, maana majina matatu ya kitambulisho cha Kenya hugawanya faili kwa urahisi, na ulikague faili lako kupitia AnnualCreditReport.com, ambako ripoti za ofisi zote tatu hutolewa bure kila wiki. Alama ya FICO haitokei mpaka akaunti moja itimize miezi sita. Uliniuliza uje na kiasi gani: mbali na nauli na chakula, tenga dola 200 za kadi, na uombe kadi moja tu, kwa sababu kila ombi hubaki limeandikwa kwenye faili kwa miaka miwili.