Mafundi Wajibu: Mkanda wa Taimingi, Kazi ya Uani

SWALI: Salaam aleikum, mafundi. Nimenunua Corolla AE100 kuukuu, injini ya 5A-FE, gia za mkono. Aliyeniuzia hajui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Naweza kuubadilisha mwenyewe nyumbani? Na ukikatika njiani, injini ndiyo basi tena?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa 5A-FE, mkanda ukikatika gari litazima papo hapo na utavutwa kwa kamba, lakini pistoni hazigongi valvu. Ndiyo maana hatukukatazi kujaribu.

Fungua boneti utafute kibandiko: mafundi wa Japani huandika humo kilomita za mkanda uliopita. Mkanda huu huhesabiwa kilomita 100,000. Usipokiona, badilisha sasa, kwani mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Nunua mkanda, beringi ya kukazia na springi yake, sili ya kemu (shafti ya juu inayofungua valvu), sili ya mbele ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) na gasketi ya kava ya valvu. Anayenunua mkanda peke yake hujidanganya: sili ikivuja, oili hulainisha mpira na meno huanza kung'oka. Pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa altaneta, basi iguse tu kama inavuja.

Jioni ya kuamkia kazi, nyunyizia bolti za kava za mkanda dawa ya kutu. Hewa ya bahari hushika vichwa vyake, na ukilazimisha vitakatika. Uwanja ukiwa wa mchanga, tandika ubao mpana chini ya jeki na stendi, la sivyo vitadidimia wewe ukiwa chini.

Chomoa waya hasi wa betri. Ondoa mikanda ya nje, puli ya pampu ya maji, kava ya valvu na plagi zote 4 ili injini izunguke kwa mkono. Iegemeze injini kwa jeki na kipande cha mbao chini ya sampu (bakuli la oili), ndipo ufungue maunti (kishikio cha injini) ya upande wa mkanda. Bolti ya puli ya krenki ni ngumu: tia gia ya 5, mtu akanyage breki, wewe uivute kwa bomba refu. Usiilegeze kwa kupiga stata, spana huruka.

Kabla ya kuivua puli hiyo, zungusha krenki kwa mwelekeo wa saa mpaka mkato wa puli ukae kwenye 0 ya kava ya mkanda. Tundu la puli ya kemu lilingane na alama ya kifuniko cha beringi yake. Lisipolingana, ongeza mzunguko mmoja kamili. Puli ya kemu ina matundu zaidi ya moja, na hapo ndipo wengi hupotea. Kisha vua puli ya krenki na kava za mkanda, na utie alama zako za rangi nyeupe juu kwenye kemu na chini kwenye krenki kabla ya kulegeza mkanda.

Legeza beringi ya kukazia, isukume kando, vua mkanda, badilisha sili. Vaa mkanda mpya kwa vidole, usiubetue kwa bisibisi. Upande usio na beringi ya kukazia uwe umenyooka. Legeza bolti ya beringi nusu mzunguko, springi ivute yenyewe, kisha zungusha krenki mara 2 kamili kwa mwelekeo wa saa, kamwe si kinyume. Alama zikirudi mahali pake, kaza bolti hiyo Newton-mita 37. Ukiubonyeza mkanda kwa nguvu ya kilo 2, uingie milimita 5 hadi 6. Bolti ya krenki ni Newton-mita 118, yaani uzito wa kilo 12 kwenye ncha ya bomba la mita 1.

Rudisha kava zote na mipira yake. Gereji nyingi huitupa ya chini, nasi hatuelewi kwa nini, hasa huku kwetu ambako kusi likivuma mchanga huingia kila mahali.

SWALI: Nimebadilisha wa kwangu. Gari linawaka, lakini halina nguvu mlimani na linatetemeka likisimama.
Msomaji, Gede

JIBU: Umekosea jino moja. Kemu husukumwa na springi za valvu, hivyo mkanda ukitoka hujigeuza kidogo bila wewe kuona. Fungua upya, usicheze na distribyuta (kigawa moto wa plagi) kuficha kosa. Na kama unasikia mluzi unaopanda na mwendo wa injini, mkanda umekazwa kupita kiasi.

SWALI: Hilux yangu ya dizeli, 3L, nayo ni vivyo hivyo?
Msomaji, Watamu

JIBU: La, bwana. Humo mkanda ukikatika valvu hugongwa, na pampu ya dizeli nayo ina alama yake ya kulinganisha. Taa ya T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi, mpe fundi mwenye kuijua 3L, usisubiri mwezi uishe.